Gitaa Ulilolimwagia Maji

Kwenye karakana ya baba,
Mlango wa pili baada ya kinyozi.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu kwanza, maana mama alitulea tusalimu kabla ya kusema neno lolote, hata la ugomvi. Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Unakula chakula cha maana, au bado unaishi kwa mkate na chai? Mimi mwilini sijambo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Akisikia kuna sherehe kwa jirani, goti linapona lenyewe. Shangazi yupo na ulimi wake upo. Habari za baba zitakuja, usiwe na haraka.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, ungecheka kile kicheko chako cha kufunga mazungumzo, kisha mtandao ungeanza kusumbua pale pale ninapofika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haina mtandao. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Kwanza nikushukuru kwa gitaa la kaboni, lisilo na mbao hata kipande, ulilotutumia. Lilifika salama, halina mkwaruzo. Siku hiyo karakana nzima ilisimama. Kinyozi alimwacha mteja wake na kichwa nusu, akaja kuangalia. Jeusi tii, jepesi, linang'aa kama gari jipya. Baba alilishika kama anavyoshika kitoto cha mtu mwingine, kwa heshima na kwa woga kidogo. Akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaligonga tena. Akatia pua kwenye tundu lake, akasema, "Halinuki kitu." Hakulisema kwa ubaya. Kisha akalining'iniza ukutani katikati ya magitaa yake, na kila aliyeingia aliambiwa, "Hilo ametuma kijana wangu. Anafanya kazi duka kubwa huko."

Kijana wangu. Alilisema hilo neno wiki nzima, Kijiti, mpaka mafundi wa jirani wakamchoka.

Ndipo kinyozi akaja na simu.

Alikuja akichekelea, maskini, hakujua alichobeba. Akasema, "Fundi, njoo umwone mwanao, amekuwa mtu mashuhuri." Baba alikuwa anapiga msasa ubavu wa gitaa lililoagizwa na kwaya. Akajifuta mikono, akavaa miwani, tukainamia simu wote watatu.

Sihitaji kukueleza kilichomo kwenye lile tangazo la duka lenu, lakini nitakueleza, maana nataka ukione kama tulivyokiona sisi. Upo wewe na aproni ya duka lenu. Mbele yako meza, juu ya meza magitaa mawili. Moja jeusi kama hili letu. La pili la mbao, kazi ya baba, nililitambua kabla hujalinyanyua, kwa sababu ule mstari mwembamba unaozunguka tundu niliuchonga mimi, na pale chini uliteleza mkononi mwangu ukaenda mshazari. Ukamimina ndoo ya maji ndani ya lile jeusi, ukayamwaga, ukalifuta, ukalipiga. Watu wakapiga makofi. Kisha ukachukua ndoo ya pili.

La baba hukulimwagia na kulifuta, Kijiti. Ulilijaza ukaliacha. Picha ikakatika, ikarudi, na ubao wa juu ulikuwa umevimba kama tumbo la mtu aliyekunywa maji ya mtoni. Daraja la nyuzi limeng'oka. Ukalishika shingoni kulinyanyua, shingo ikabaki mkononi mwako na mwili ukabaki mezani. Ukaitazama kamera, ukacheka, ukasema, "Kwetu bado wanatengeneza hivi. Hizi ni kuni jamani, kuni zenye nyuzi."

Kinyozi alizima simu kwa haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu ndani. Akasema ana mteja. Hakuwa na mteja.

Baba alivua miwani, akaitia mfukoni. Akaufungua ule ubavu wa gitaa kutoka kwenye jiriwa iliyoubana, akauegemeza ukutani taratibu, akafunga aproni yake vizuri kama anavyofanya jioni, na jua bado lilikuwa utosini. Akaenda nyumbani. Tangu nianze kufanya kazi na baba sijawahi kumwona akifunga kazi mchana, hata siku alipozikwa bibi alirudi kuwasha jiko la gundi.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Nikabaki mimi peke yangu na gitaa lako linanitazama kutoka ukutani.

Mama, kama unavyomjua, alikuwa ameshakutetea kabla hata sijamaliza kusimulia. "Ni kazi tu, bosi wake amemwagiza. Mtoto wa watu yuko ugenini, afanyeje?" Nikamuuliza kama bosi ndiye aliyelitoa lile gitaa chini ya kitanda chako. Duka zima la magitaa, yamejaa mpaka darini, na bosi hana la mbao la kuharibu mpaka achukue alilotengeneza baba yako? Mama akaanza kupanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa. Anajua, lakini anakupenda, na mimi nakerwa kwamba mapenzi yake unayatumia kama mwavuli.

Baba mdogo ndiye aliyenimaliza. Alipoonyeshwa tangazo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwona baba amekaa uani, akanyamaza, akaenda kukaa naye. Walikaa hivyo hivyo, wazee wawili, wanaangalia kuku.

Huku mtaani usiulize. Dereva mmoja alisimamisha gari mlangoni akaniuliza kama kila gitaa tunaliuza pamoja na koti la mvua. Nikamwambia tunauza na nyundo pia, ateremke nimwonyeshe. Lakini kiongozi wa kwaya hakuwa na utani. Alikuja na sauti ya chini, kama aliyekuja kutoa pole msibani, akasema kamati imekaa, wanaona wasubiri kwanza, vijana wameona mambo kwenye simu. Gitaa lake lile lile, ubavu wake bado umeegemea ukutani ulipoachwa. Nilimwambia sawa. Alipoondoka nililia kwa hasira, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Sasa usije ukadhani nimekaa tu nikakuchukia. Nilichukia nikafanya kazi. Nilijiambia siwezi kumgombeza mtu kwa kitu nisichokijua, nikalishusha gitaa lako ukutani nikalitia kwenye maisha.

Nililiweka juani kwenye bati mchana kutwa. Nikarudi nikalipiga, halikuwa limesogea hata unywele. La mbao ungelikuta gundi imelainika na nyuzi zimepanda juu. Nikaliacha uani mvua ikiwa inanyesha. Nikalifuta kwa kanga, likaimba kama hakuna kilichotokea. Kwenye harusi ya binti wa jirani nilienda nalo, nikalitegesha sauti mara moja tu saa ya kuanza, mpaka watu wanatawanyika nyuzi ziko pale pale, wakati mwenzangu wa la mbao alikuwa anazungusha funguo kila baada ya wimbo kama anayekaza koki inayovuja. Bega halikuniuma. Nyuzi ziko chini karibu na shingo, vidole haviteseki. Nakuambia haya kwa sababu ni kweli, na mimi sitaki kuwa kama wewe, wa kuusema upande mmoja.

Na upande wa pili ni huu. Sauti yake ni safi mno. Kila noti imeoga, imechana nywele, imekaa kwenye mstari. Ukipiga kwa nguvu inapanda, ukipiga polepole inashuka, lakini haikuambii kitu ambacho hukukiweka. Gitaa la mbao unalipiga leo, ukilipiga baada ya mwaka limekuzoea, limefunguka, kuna kona ya chini pale lilipokuwa limenuna na sasa linacheka. Hili lako litakavyokuwa siku nitakayozeeka nalo ndivyo lilivyokuwa siku lilipotoka kwenye boksi. Wapo wanaotaka hivyo. Mimi sikatai.

Kisha likaniponyoka likaanguka kwenye sakafu ya saruji. Usiogope, halikuvunjika, lilichanika kidogo pembeni, ufa mfupi kama wa kwenye sahani. Nikachukua gundi yetu, haikushika. Nikalipeleka kwa fundi wa boti za fibagilasi, akaligeuza geuza, akasema anaweza kuziba, ila sauti hawezi kuahidi. La mbao hata ulipasue katikati, baba analifungua, ananyoosha mbao kwa pasi ya moto, analibandika kipande kwa ndani, na wakati mwingine linarudi na sauti nzuri kuliko ya mwanzo. Hilo hukulisema kwenye tangazo lenu. Wala hukusema ni nani hapa duniani anayepiga gitaa lililojaa maji. Wateja wenu ni samaki?

Lakini kuna jambo moja nililiona nilipolirudia tangazo kwenye simu ya mama, ambalo hakuna mwingine aliyeliona, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Baada ya kulivunja lile la baba, ulilishika tena jeusi ukapiga wimbo wa kufungia. Ulipofika kwenye ule mkao wa vidole unaotaka kidole cha pete kinyooke mpaka uzi wa juu, uliruka. Uliacha noti moja, ukaifunika kwa kupiga mkono wa kulia kwa nguvu. Uliruka mara ya kwanza, ukaruka mara ya pili. Waliokuwa wanapiga makofi hawakusikia. Mimi nilisikia, kwa sababu kwenye gitaa la baba hukuwahi kuiruka hiyo noti.

Unakumbuka kwa nini. Kidole hicho kilibanwa na mlango wa lori ulipokuwa shule ya msingi, na kilipopona hakikunyooka tena. Ulisema basi, gitaa umeacha. Baba hakubishana na wewe. Alikukalisha kwenye kibao mbele yake, akapunguza shingo ya gitaa kwa msasa, akakupa ukapiga, akaichukua, akapunguza upande wa chini tu, akakupa tena. Wateja walikuwa wanasubiri nje na yeye anahangaika na mkono wa mtoto mmoja. Shingo ile ilitoka ya kupinda, nene huku, nyembamba kule. Mtu mwingine akiishika anadhani imekosewa. Haikuwa imekosewa, ilikuwa mkono wako kwa upande wa pili.

Hili la kaboni nimelipima kwa mkono. Shingo yake imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa wastani, na mtu mwenye mkono wa wastani mimi sijawahi kukutana naye. Halipunguzwi kwa msasa. Ukianza kulikwangua unaliua. Kwa hiyo wewe, Kijiti, kati ya watu wote, ulisimama mbele ya dunia ukavunja gitaa pekee lililotengenezwa kwa kidole chako, ukaliita kuni, kisha ukapiga lile jingine kwa kuruka noti. Nilipoliona hilo nilizima simu ya mama nikaiweka kwenye pipa la mchele nisije nikaitupa.

Sasa habari za baba.

Alirudi kazini siku ile ambayo nilikuwa nimeshaanza kujifunza kutomsubiri. Alifungua mlango, akafagia, akawasha jiko la gundi, akaniuliza kama nimekunywa chai. Basi. Akauchukua ule ubavu wa gitaa la kwaya akaurudisha kwenye jiriwa. Nikamwambia kamati imeghairi. Akasema, "Ubavu haujui," akaendelea kupiga msasa.

Wiki hiyo hiyo akaja muuguzi mmoja, dada wa makamo, anazunguka na gari la kliniki vijiji vya mbali. Alitaka gitaa la kupiga jioni anapolala huko safarini. Nilifurahi, mteja wa kwanza tangu balaa lako. Baba akamuuliza gitaa litakaa wapi. Ndani ya gari. Gari linakaa wapi? Juani. Na mvua ikija? Akacheka, akasema, "Gari lenyewe linavuja."

Baba akalishusha gitaa lako ukutani nilikolirudisha na ufa wake, akampa ajaribu. Akamwambia wazi, "La kwangu litakusumbua. Litapinda kwenye joto, utalitegesha kila siku, na mimi siko huko nikurekebishie. Hili la kaboni halina maneno. Sauti yake utaizoea. Ukistaafu ukakaa nyumbani, njoo nikutengenezee la mbao." Akamwandikia jina la gitaa hilo kwenye kipande cha boksi ili alitafute mjini. Muuguzi akatushukuru, akaondoka bila kuagiza kitu.

Nilimgeukia baba, nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea baba. Nikamwambia nyumba inaungua na yeye anampa jirani maji. Akanitazama tu, akasema, "Mama yule anahitaji gitaa, hanihitaji mimi."

Nilikaa chini, Kijiti, nikaona kwamba kila ulichotaka kukisema kuhusu kaboni, baba alikisema, tena vizuri kuliko wewe, na hakuna aliyevuliwa nguo hadharani. Ungeweza kusema hivyo hivyo. Watu wangekusikia. Duka lingeuza. Uliamua kuchekesha wageni kwa mikono ya mzee wako.

Ninachotaka kwako ni hiki. Hilo tangazo ukitaka ulitoe, ukitaka uliache, limeshaonwa na kila mwenye simu mpaka muuza vitunguu. Lakini vile vipande usivitupe. Kama umevitupa, rudi kwenye hilo pipa ukavitafute. Vitume vyote, shingo hasa. Mimi nitaunganisha, si baba. Sitaki avione mpaka vimekauka na kunyooka. Likigoma kuimba litagoma, lakini litakuwa limegomea nyumbani.

Na umpigie baba. Usimpigie mama ili ampe simu baba, mbinu hiyo tunaijua. Mpigie yeye, kwenye namba yake, mchana akiwa kazini, na ukishaitikiwa usicheke.

Nilipomwambia nakuandikia, nilimuuliza kama ana neno. Nilitegemea neno la kukukata maini, na nilikuwa tayari kuliandika kwa herufi kubwa. Kumbe nilikuwa sijui. Mama akaniambia baba humwomba simu yake kila baada ya chakula, anakaa nayo uani peke yake akikuangalia kwenye lile tangazo. Nilidhani anajitonesha. Nikaenda kusimama nyuma yake. Kabla ya yale mandoo, pale mwanzo kabisa, unaimba kidogo, mistari michache, kabla hujaanza kusema mambo ya duka. Sikukutajia hapo juu kwa sababu kwa hasira zangu sikuwahi hata kuisikia. Baba anasikiliza hapo tu. Ndoo ikitokea, anarudisha nyuma kwa kidole, anaanza upya.

Neno lake ni hili, nakufikishia kama lilivyo: "Mwambie sauti yake imekomaa. Na asiimbe kwa kubana koo, ataumia."

Mimi nisingekuambia hivyo. Ningekuambia mengine. Lakini ujumbe ni wake, umefika.

Shangazi anasema mtu wa kulowesha vitu arudi aje amfulie mazulia. Baba mdogo anakusalimu na anaomba msamaha kwa kucheka. Kinyozi anakusalimu kwa aibu, siku hizi anapita mlangoni kwetu ameinamisha kichwa kana kwamba ndoo aliishika yeye. Mama anakupenda kupita kiasi, kama kawaida, na anakuuliza kama lile sweta linakutosha.

Mungu akulinde na baridi, akulinde na mabosi wa namna hiyo, na akulinde na mimi mpaka siku utakapofika.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nimekukasirikia, yote mawili kwa moyo mmoja.